Imepungua Senti Kumi na Tisa

Baba alitengeneza meno ya watu wa Sandusky,
ya plasta, ya nta, yenye ufizi wa waridi,
na usiku, akishanawa mikono mara tatu,
alihesabu meno ya stempu:
kumi na mawili katika kila sentimita mbili,
hakuna lililovunjika, hakuna pengo.

Katika nyumba ile hata chafya iliombewa ruhusa.
Kibano kilikuwa na kitanda chake cha mahameli.
Mimi nililala kwenye sofa,
kwa kuwa chumba changu ndicho kilichokuwa kikavu
na karatasi haipendi unyevu.
Kama ni kweli mali bila daftari hupotea bila habari,
basi ya baba isingepotea kamwe:
madaftari saba, na penseli iliyochongwa kama sindano.

Moja aliiita Bibi.
Senti tatu, ya mwaka 1861,
waridi iliyoiva ikaikaribia damu ya njiwa,
pambizo zimenyooka kama shuka iliyotandikwa na mwuguzi,
na mgongoni gundi yake ya kwanza, haijaguswa,
inang'aa kama njia ya konokono iliyokauka.
Vita vilikuja. Vijana waliandika barua mahemani,
na dada zake wa karatasi moja wakaenda nazo,
wakapigwa mihuri usoni, wakararuka,
wakazikwa mifukoni.
Yeye alibaki. Thamani yake yote ni kwamba
hakuna aliyemtuma popote.

Wataalamu wa New York walimpa tisini na tano kwa mia.
"Hizo tano," baba alisema, "ni pambizo ya kushoto.
Unywele mmoja."
Unywele ule ulimkaa kooni miaka.

Mama yeye alikuwa Toledo,
kwa dada yake, wiki mbili tu,
tangu Machi. Na sasa theluji.
Nilikuwa na miaka sita. Nilichora paka,
nikaandika neno moja,
herufi yake ya kwanza imegeukia ukuta.
Baba alikuwa jikoni anabishana bei na simu.
Albamu ilikuwa wazi.

Wanasema ulimi hauna mfupa.
Wangu haukuwa hata na haya.
Nilimlamba Bibi ncha hadi ncha,
nikambandika, nikamkaza kwa ngumi,
nikakimbia na soksi hadi sanduku la kona.

Alipoona pengo hakupiga kelele.
Aliketi sakafuni mbele yangu, magoti yakalia.
Jokofu likaunguruma, likanyamaza.
Kisha akauliza, polepole,
kama mtu anayeuliza njia ya kwenda kwao:
"Ilikuwa na ladha gani?"

Nilifikiri vizuri. Sauti ile haikutaka uongo.
"Kama maji ya viazi," nikasema.
"Halafu tamu kidogo. Halafu basi."

Posta haikujua kustaajabu.
Senti tatu ni senti tatu.
Karani akagonga muhuri mweusi, mzito,
akaandika: imepungua senti kumi na tisa.
Mama alilipa mlangoni kwa sarafu za kufulia nguo.
Hakurudi. Sitasema alirudi.
Alipiga simu Jumapili, wakakaa na baba dakika arobaini,
nyingi zikiwa kimya,
na mara moja, nilisikia, baba alicheka.

Mwaka huu nimeipeleka albamu Cleveland.
Bwana Ostrander aligeuza kurasa kwa pumzi iliyobanwa.
Ukurasa wa kumi na nne akasimama:
kifuko kitupu, na chini yake mwandiko wa baba,
*95. Pambizo ya kushoto*,
na chini zaidi, kwa penseli butu,
penseli ya mtu aliyeacha kuchonga:
*Maji ya viazi. Tamu mwishoni.*

Akaniuliza kama hiyo ni aina ya gundi.
Ndiyo, nikasema.
Adimu.