Taarifa ya Ufikivu

Taarifa hii inahusu tovuti ya bwawa la kuogelea
la manispaa ya Joensuu, Ufini.
Imeandikwa Januari, usiku, nje baridi ya kupasua mawe,
nami Taisto Hyvärinen, niliyeijenga tovuti yenyewe
na kujisifu kuwa ni safi kama theluji:
maandishi ya kijivu juu ya weupe.

Sheria inataka nitaje kisichofanya kazi.
Nilidhani ni rungu. Kumbe ni kitubio:
unataja kosa,
unataja na siku ya kuliacha.

Kosa la kwanza, kijivu changu.
Kipimo ni nne na nusu kwa moja;
changu hakikufika hata tatu.
Vijana walisoma. Baba yangu alisogeza miwani,
akasogeza tena,
akasema labda bwawa limefungwa.

Kosa la pili lilikuja kwa miguu yake.
Bi Aune Kettunen, fimbo nyeupe ikigonga ngazi zetu,
kwapani tarakilishi ndani ya mfuko wa sufu aliofuma mwenyewe.
Barua yake nilikuwa nimeilalia siku kumi na mbili;
sheria inanipa kumi na nne.
Hakugomba. Alisema, Hebu niwekee nafasi,
akaizima skrini,
akaniachia vitufe na sauti.

Sauti ikasema: Kitufe.
Nikabonyeza.
Kitufe. Kitufe. Picha.
Picha, sifuri sifuri nne saba.
Kitufe.
Humo ndani mlikuwa na njia ya tatu, saa moja asubuhi,
nami niliyeichonga kwa vidole hivi
nikapapasa ukuta kwa ukuta, mgeni
katika nyumba niliyoijenga mwenyewe.
"Sasa umekata tiketi ya sauna ya wanaume," akasema.
"Nami huishia hapo hapo. Wiki jana nililipa."

Meneja wetu, Bwana Rautio, aliuliza faini ni kiasi gani.
Nikamweleza nilivyoelewa: huanza malalamiko,
msimamizi akaandika, muda ukatolewa,
fedha huja mwisho, kwa mkaidi.
Akauliza juu ya kile kifungu kinachosamehe
mzigo ukizidi uwezo. Alikipenda.
Alikisoma mara mbili, kidole juu ya mstari.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Miaka sita Bi Kettunen amebeba vitufe vyetu arobaini na kimoja
visivyo na majina, wala hatukuulizana vina uzito gani.
Siku ya kuvibeba sisi, vikawa chuma.

Nikavipa majina.
Ilinichukua Alhamisi moja
na birika mbili za kahawa.

Visivyofikika bado:
ratiba ya kiangazi, ambayo ni picha ya karatasi;
video ya masomo ya watoto, mdomo wa mwalimu unacheza
na chini yake hamna neno, ingawa Onni,
anayepiga mbizi kuliko wote, hasikii;
ramani ya vyumba vya kubadilishia nguo, sijui hata nianzie wapi.
Rautio aliandika vitarekebishwa hivi karibuni.
Nimefuta. Nimeandika tarehe thelathini Aprili,
na sasa tarehe hiyo inanitazama.

Ukikwama, tuandikie. Tutajibu kwa siku kumi na nne.
Mimi nimejiwekea tatu.

Jana asubuhi nilikuwa kaunta.
Njia ya tatu, saa moja: Kettunen, A.
Nililiona jina, kisha nikasikia maji,
mkono, mkono, pumzi, bila haraka,
akigusa ukuta na kugeuka.
Alipotoka, nywele bado zinadondosha, akaniaga:
Tutaonana.
Kama watu wote wasemavyo.
Nikameza mate, nikajibu tutaonana.

Akafika mlangoni, akasimama.
"Ile ratiba ya kiangazi," akasema,
"bado inaniambia Picha."