Kalenda ya Bima

Aprili ile ilikaa ukutani miaka thelathini na minne.
Kalenda ya kampuni ya bima, karatasi ya kung'aa:
mji ambao njia zake ni maji,
mashua zimefungwa milangoni kama mbuzi,
na mwanamke mmoja dirishani anakung'uta kitambaa
wala hajali vumbi litamwangukia nani.
"Huko nitakupeleka," alisema Singano,
mwaka ule wa posho nzuri, kiwanda cha mbolea kingali kinatoa moshi.
Kiwanda kikafa.
Ahadi tukaipiga pasi, tukaikunja,
tukaiweka chini ya mashuka ya wageni.

Safari yetu iliishia Bagamoyo.
Chumba cha ghorofani, Mji Mkongwe,
chandarua kina viraka viwili,
na masika ikamwagika usiku kucha
kama mchele wa mtu asiyelipia mchele.
Alfajiri akanitikisa bega:
"Mwajabu, amka. Tumefika."

Mtaa ulikuwa mfereji.
Ndala moja ya bluu ilipita, peke yake, bila haraka,
ikafuatwa na kifuu, na daftari la hesabu.
Mtoto wa jirani amekaa ndani ya karai,
anapiga kasia kwa mwiko wa ugali,
na mama yake barazani anamgombeza kwa sauti nzuri sana.
Singano akakunja suruali hadi magotini,
magoti yale yanayolia kama bawaba,
akaninyooshea mkono.
Nikaingia. Maji yalikuwa vuguvugu, yana mchanga,
yana na siri za vyoo vya watu.
Nilicheka hadi kanga ikanidondoka begani.

Tukafika penye mlango mkubwa wa nakshi.
Ukingoni fundi amechonga mnyororo,
pete ndani ya pete, juu hadi chini.
Nilidhani ni pambo. Nikapitisha kidole.
Kisha nikawakumbuka walioingia mji huu kwa miguu,
toka bara, shingo kwa shingo,
na hapa ndipo walipoyaona maji makubwa.
Kidole kikakataa kuendelea.
Singano akavua kofia.
Maji yakatupita vifundoni yakishukia pwani,
yanaijua njia.

Mchana jua likaunywa mtaa wote.
Likabaki tope, na ndala ya bluu mlangoni pa msikiti,
kana kwamba mwenyewe yumo ndani anasali
kwa mguu mmoja.
"Nilikuahidi mbali," alisema, akimenya chungwa.
"Nisamehe."
Nikamwambia amenye vizuri, ameacha nyuzi.

Nyumbani Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili,
nilipanda kigoda, nikaishika Aprili pembeni.
Ilikuwa imegandamana; ikaachia kwa mlio wa ngozi kavu.
Yule mwanamke na kitambaa chake wakageukia ukuta.
Kumbe miaka yote Mei ilikuwa chini yake ikingoja:
ng'ombe watatu, wanene, majanini,
wametukodolea macho
kama sisi ndio tuliochelewa.