Mkono Uliokataa

Muswada ulisema: dakika ya tisini,
Rufino Salvatierra anapiga penalti,
mpira unaingia kulia, kipa anaruka kushoto,
mji mzima unalia kwa furaha. Mwisho.
Hivyo tu. Mistari minne ya taipu
na doa la chai pembezoni.

Rufino hakuwapo duniani. Aliyevaa jezi yake
ni mwigizaji wa Montevideo, sauti nzito, miguu ya dansi,
hajagusa mpira tangu shule ya watawa.
Aliyekuwapo ni kipa: Wilmar Etchegoyen,
mchuna ngozi wa kiwanda cha nyama kando ya mto Uruguay,
amekodiwa siku moja kwa peso chache na mkate wenye soseji.
Kazi yake: kufungwa.

Mama yangu ndiye aliyeshika kile kibao
cha kupigwa pa! mbele ya kamera.
Ndiye aliyenihesabia.

Mara ya kwanza Wilmar alidaka.
Wakacheka. Akaomba radhi, akarudisha mpira kwa adabu
kama mtu aliyekanyaga mguu wa mgeni.
Mara ya pili alidaka.
Mara ya tatu aliupangua kwa ncha za vidole,
ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani na aibu zake.
“Kushoto!” mwongozaji akafoka. “Ruka kushoto!”
“Ndiyo, bwana,” akasema Wilmar, na alimaanisha.

Wakamwambia afumbe macho.
Akafumba. Akasikiliza kiatu.
Akadaka.

Saa kumi na moja jua likaegemea mabomba ya kiwanda,
mkanda ukabaki wa mara moja tu.
Kucha ya mwigizaji ilikuwa imeng'oka ndani ya soksi.
Akapiga kwa hasira, si ile ya muswada,
shuti la kweli, la kwanza maishani mwake,
juu kulia, pale buibui hutanda utando wake.
Wilmar alianza kushoto, Mungu ni shahidi,
kisha mwili ukamgeuka.
Mama anasema ilisikika kama shuka linalokung'utwa.
Kiganja kimoja tu, na mpira ukapaa juu ya goli,
ukaangukia zizini, kwa ng'ombe waliokuwa wakingoja Jumatatu.

Na Rufino, yaani mwigizaji, yaani sijui nani,
akapiga magoti kwenye chokaa, akalia
kilio ambacho hakikuandikwa popote.
Mwongozaji akafungua kinywa aseme kata.
Hakusema.

Ndivyo filamu ilivyoishia kwa kushindwa.
Wahakiki wa mji mkuu wakausifu ujasiri wa mwisho ule,
wakaandika neno falsafa.
Bango lilibeba uso wa mwigizaji. Jina la Wilmar
halimo hata kwenye zile herufi ndogo
zinazopanda wakati watu wanatafuta makoti.

Jumapili iliyofuata, ligi ya wilaya,
walimfunga matano.
La tatu lilipita katikati ya miguu.
Nalisema mimi kwa kuwa wajukuu wake hawalisemi.

Bado inaonyeshwa kila Agosti, ukumbi wa chama cha wafanyakazi,
hita moja, viti vya kukunja.
Sote tunajua atadaka.
Lakini mwigizaji akishaweka mpira kwenye nukta
hakosi mtu wa nyuma wa kunong'ona: safari hii linaingia,
na yule mama wa duka la mikate hushika mkono wa asiyemjua.
Mama midomo inamchezacheza: kumi na moja, kumi na mbili,
kidole gumba kinagusa cha shahada,
pa.

Mimi hutazama mkono wa kushoto wa Wilmar,
ule ambao hakuna aliyewahi kuusifu,
ule uliotii, ukaenda ulikotumwa,
ukafunguka kwenye hewa tupu
kama unaomba samahani.