Mi Bemoli Isiyolia

Piano ya parokia ya Nguba ina jino moja bovu:
mi bemoli, ile ya katikati.
Ukiibonyeza inazama kama ngazi iliyooza,
hakuna kinachotoka ila ubao kugonga ubao.
Panya, alisema mwalimu Cirimwami.
Walikula sufu ya nyundo
mwaka ule tuliokimbilia Kabare.

Juu ya piano hiyo nilijifunza utungo wa Mfaransa,
kurasa nne, fotokopi ya fotokopi,
noti zimefifia hadi nyingine nilizikisia.

Mwalimu hakutaka niseme "nzuri".
"Nzuri ni neno la mtu anayeaga mlangoni.
Niambie kipimo cha ngapi. Niambie kidole gani."

Basi, kipimo cha tisa, mkono wa kushoto:
sauti tano zinapanda pamoja, hazibadilishani nafasi,
watoto wa darasa la kwanza wameshikana mikono
wakivuka Place Mulamba.
Akacheka. "Kwa kosa hilo padri alinichapa rula.
Sauti sambamba ni marufuku, alisema, ni uvivu.
Na huyu bwana kosa lilelile
amelivisha viatu, amelitembeza ukurasa mzima."

Kipimo cha ishirini na mbili ni ngazi ya hatua sita,
zote za urefu mmoja.
Hakuna hatua fupi ya kukunong'oneza
kwamba nyumbani ni karibu.
Mimi nimelelewa na nyimbo za misa:
zinazunguka, lakini zinajua kiti kilipo,
Amina inakaa na kiti kinalia.
Hapa hakuna kiti.
Umesimama saa kumi na mbili asubuhi juu ya Muhumba,
na kile unachokiona mbele
ama ni Idjwi, ama ni wingu lililolala.

Na mguu wa kulia?
"Usikanyage pedali," alisema. "Egemea.
Zuia kama unavyozuia mlango
mtoto akiwa amelala."

Wanasema Mfaransa huyu aliandika maji.
Siku moja nilikataa.
Nikamwambia: maji nayajua, mwalimu.
Maji ni bidoni la lita ishirini,
ni kilima cha Kadutu, ni shingo ya mama yangu.
Huyu aliyatazama dirishani,
na mtu mwingine alimchotea.
Mwalimu alinyamaza muda mrefu.
Kisha akanipa penseli:
"Andika hilo pembeni. Kipimo cha kwanza."

Niliandika. Bado lipo.
Lakini kipimo cha thelathini na moja kilinishinda.
Kwa sababu bidoni likijaa, ukalitua uani,
ukanyoosha mgongo,
maji huendelea kucheza ndani peke yake
kidogo,
bila kutumwa na mtu.
Hilo nalo niliandika, kwa herufi ndogo.

Mwezi wa nane Nabintu, binamu yangu wa Liège,
akanitumia utungo uleule kwenye simu.
Umeme umekatika, betri asilimia tisa,
nimeketi kitandani na simu kifuani.
Mi bemoli ikalia.
Ikalia tena. Nilihesabu mara kumi na saba.
Nikaona haya, kama mtu aliyeishi miaka mitatu
na jirani asiyesema,
akadhani ndivyo alivyoumbwa.
Kila pale nilipodhani Mfaransa amenyamaza
alikuwa anaongea,
na mimi nilikuwa nimeipenda zaidi
ile nafasi tupu, ule ubao.

Nikamwendea mwalimu.
"Nilijua," alisema. "Mimi huisikia kila siku.
Kwani wewe hukuwa ukiisikia?"

Sufu mpya imefika kutoka Kigali,
kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba.
Ni wiki ya tatu sasa.
Iko ndani ya bahasha juu ya piano,
na juu ya bahasha kuna penseli,
na kila asubuhi mmoja wetu
huisogeza pembeni ili afungue kifuniko.