Si Choyo, Mize

Mize, jana umepita uani kwangu
hukuuliza hali.
Ndoo yako umekwenda kuijaza kwa Bi Mgeni.
Najua. Mtaa mzima wajua
kuwa Jumanne ulinigongea mlango
ukaniomba mashine ya pumzi,
nami nikakwambia haitafaa.

Neno "haitafaa" lafanana sana na choyo
likisemwa saa nane usiku.

Nisikilize basi, mchana huu.
Ile ya Shaame, aliyoletewa na nduguye kutoka Maskati,
haina pumzi ndani. Naiosha mwenyewe kila Ijumaa:
feni ndogo, kichujio, kikopo cha maji.
Huvuta hewa ya chumbani kwetu,
hiyo hiyo yenye harufu ya samli na chandarua,
ikaisukumia kinyagoni.
Basi. Haiongezi kitu.

Shaame mapafu yake mazima, angeweza kuyauza.
Taabu ni koo. Koo lake hulala likajisahau,
nyama zikalegea, mlango ukajifunga,
akanyamaza katikati ya mkoromo.
Nami nahesabu: kumi, ishirini, ishirini na tano,
mara ashtuke kama aliyeitwa.
Miaka sita nimehesabu gizani.
Ule upepo ndio kigingi cha mlango wake.

Mamako mlango wake wazi, Mize.
Hewa huingia, ikatoka, isiache kitu,
kama mgeni aliyekuja mikono mitupu.
Miaka arubaini ya moshi wa makumbi
hailipwi kwa feni.
Yeye ahitaji ile nyengine, iliyoko wodini,
yenye magurudumu na mrija wa puani.
Ile hufanya kazi tuliyoifanya mimi na wewe
jioni kwenye jamvi, vidole vikinuka mpaka kesho:
huchambua. Hewa yote huingia,
makonyo huku, karafuu kule,
ikatupa isichokitaka
ikampa oksijeni, karibu tupu.

Na Shaame ukimtia mrija ule,
atajazwa karafuu mlangoni
na mlango bado utafungwa.

Zote mbili huunguruma. Zote zataka umeme.
Ukipita dirishani ni sauti moja,
hapo ndipo ulipodhani, na si kosa.

Kosa ni langu, na si lile unalolinunia.
Nilisema neno moja, nikatia komeo,
nikarudi kitandani kusikiliza feni
na mume wangu akilala kama mtoto.
Gari ya Faki ilikuwa pale, nyumba ya pili.
Sikwenda kumgongea.
Wewe ukamsukuma mamako kwa mkokoteni wa ndizi
mpaka hospitali, kilima chote kile.

Nimepika uji wa pilipili manga.
Saa kumi naja wodini.
Ukitaka kununa, ninunie huko huko,
nikiwa nimemshikia mamako mrija
usimchomoke akigeuka.