Vidole Vilijua

Miaka thelathini na mmoja, kiwandani Covilhã,
nilitandaziwa sufu chini ya taa nyeupe
nikapitisha vidole, nikisaka kasoro:
fundo, uzi uliolegea, mahali mtambo ulipopiga chafya.
Deolinda, alisema msimamizi, ana macho kwenye ncha za vidole.
Haya, cheka sasa, maana utacheka.

Nilikuwa nauza kitanda cha mtoto.
Mti wa mwaloni. Marehemu Anselmo alikichonga
kabla mjukuu hajapata jina.
Yuro mia na themanini, niliandika,
na picha tatu, moja imelala ubavu.

Kahawa haijapoa, mtu kapiga.
Valdemar, alisema. Mke wake mjamzito.
Sauti laini kama siagi iliyosahauliwa juani.
Hakuomba nipunguze hata senti.
Hapo kidole cha shahada kilishtuka:
tangu lini mtu wa mji huu akanunua bila kubishana?
Nikakikunja.

"Nimeshalipa, mama. Fedha zimekwama mlangoni tu.
Utaletewa ujumbe, una tarakimu sita.
Nisomee, nizifungulie."

Nikavaa miwani. Ujumbe wenyewe ulisema
USIMPE MTU YEYOTE NAMBARI HII,
na mimi, mpumbavu mwenye adabu, nikamsomea hata hayo.
Akacheka kwa upole.
"Hao ni watu, mama. Mimi ni mnunuzi."

Tarakimu ya nne niliirudia,
asije akakosea.

Zikatoka mia tisa na arobaini. Zilikuwa za paa.
Kijana wa benki aliniambia, bila ubaya,
"Mlango uliufungua mwenyewe,"
akanisogezea fomu na kalamu iliyofungwa kwa mnyororo.
Kalamu ya senti ishirini, ina mnyororo.

Siku kumi na moja sikumwambia mtu.
Kwenye ngazi nilisema ni kichwa, ni baridi ya mlimani.
Usiku matone yalidondoka kwenye sufuria
nami nikayahesabu, sita, kisha sita tena.
Yule mwizi hakuniambia ninyamaze.
Hakuwa na haja. Alijua nitanyamaza.

Jumamosi, foleni ya mkate kwa Ermelinda,
simu ya Fausto kinyozi ikaita mbele yangu.
"Sita?" nikamsikia. "Ngoja nivae miwani."

Mkono ulitangulia akili.
Niliipokonya ile simu, nikaikata,
na Fausto akanitazama kana kwamba nimemvua suruali.
Kimya. Ermelinda kashika mkate hewani.
Basi nikamwaga mtama kwenye kuku wengi:
kitanda, siagi, paa, tarakimu ya nne niliyoirudia.

Hakuna aliyecheka.
Ermelinda akauweka mkate chini, taratibu.
"Mimi mia tatu," alisema. "Februari.
Alikuwa mwanangu, eti simu yake imezama, anatumia ya rafiki."
Nyuma yangu mtu alikohoa, akasema kiasi chake,
kikubwa kuliko changu, nami sitakitaja.

Sasa wananiuliza kama vile mimi ni mganga.
Nawajibu niliyolipia.
Fedha inayoingia haiulizi nambari ya siri;
ya kutoka ndiyo huuliza.
Akikuharakisha, kata.
Akisema yeye ni benki, kata vilevile,
geuza kadi yako, ipigie nambari iliyoandikwa mgongoni.
Benki ya kweli haitanuna.
Na ukiingia mkenge, piga kelele siku hiyohiyo,
usingoje ya kumi na moja kama mimi.

Kitanda? Kilinunuliwa wiki iliyopita.
Binti mmoja, Iolanda, tumbo limemtangulia mlangoni.
Aliinama, akagonga mbao, akasema mguu mmoja mfupi,
akasema mia na ishirini, akainuka kuondoka, akarudi.
Tulibishana nusu saa.
Akahesabu mia na hamsini mezani, noti kwa noti,
nami nikapitisha vidole juu ya kila moja.

Nilimpenda sana.