Safu ya Kusubiri

Tuliukata mfuniko wa piano moja ya Leipzig
iliyotufia mikononi mwaka wa theluji nyingi,
tukaupaka rangi nyeupe mara mbili, tukaugongomea ukutani
kati ya birika na dirisha, ambapo Tbilisi inashuka
ngazi kwa ngazi hadi mtoni.

Vazha alichora mistari mitatu, zikapatikana safu nne:
Imeingia. Inafanywa. Inasubiri. Imekwenda.
Kadi tulizikata kwenye maboksi ya viatu.
Piano moja, kadi moja: jina la mwenyewe, ugonjwa, tarehe,
na pembeni herufi ya anayeitibu.
Kwenye Inafanywa zikae tatu tu, isizidi hata moja,
maana mwaka jana tulifungua piano tisa kwa mpigo
tukawa kama mpishi mwenye sufuria tisa
na mafiga matatu.
Kadi ikilala siku kumi na nne pale pale ilipo,
inabandikwa nukta nyekundu.

Nugzari hakuupenda ubao.
Miaka arubaini na moja kichwa chake ndicho kilikuwa daftari:
alijua nyundo za Bi Tsiala zilitafunwa na panya mwaka gani,
na panya mwenyewe aliishia wapi.
Nikamwambia, mali bila daftari hupotea bila habari.
"Na daftari bila akili, Lamara, hupotelea wapi?"
Akamimina chai, akaupa ubao mgongo.

Lakini Vazha ana miaka kumi na tisa,
na kichwa cha Nugzari hakina mlango wa yeye kuingilia.
Kwa ubao alianza kujua asubuhi ashike nini
bila kungoja mzee avue koti.
Wateja walipopiga simu niliwajibu nimesimama,
jicho ukutani: "Ijumaa."
Na Ijumaa ikawa Ijumaa kweli.
Mwezi wa pili tulilipa kodi kabla mwenye nyumba hajabisha.

Ubao hausemi uongo. Ila hausemi kwa nini.

Mwezi wa tatu nukta zikaanza kuota kama tetekuwanga,
zote kwenye kadi zenye herufi N.
Nyuzi za besi alizimaliza kwa siku mbili, kama zamani.
Bali kazi ndogo ndogo, kuchoma sindano kwenye sufu ya nyundo,
kubadili pini nyembamba kama mbegu ya ufuta:
nukta.
Nukta mbili.
Tatu.

"Anazeeka," Vazha akanong'ona.
Mimi nikahesabu pesa, nikanyamaza.
Kunyamaza nako ni kazi, ila hatukuikatia kadi.

Jioni moja nilirudi kuchukua mwavuli.
Nugzari alikuwa peke yake mbele ya ubao,
pua karibu iguse boksi,
akipapasa kwa kidole, kadi baada ya kadi,
kama mtu anayetafuta kitasa gizani.
Hakuwa akizisoma nukta. Alikuwa akizitafuta.

Nilikohoa mlangoni. Nikachukua mwavuli, nikaaga.
Mvua haikuwepo.

Asubuhi palikuwa na kadi mpya,
mwandiko mkubwa, mistari ikipanda kilima:
*Nugzari. Jicho la kulia, ukungu. La kushoto linafuata.*
Ameiweka mwenyewe, kwenye Imeingia.

Vazha aliisoma mara mbili.
Kisha, bila kuniuliza, akazing'oa kadi zote za sindano na pini,
akafuta N, akaandika V,
na chini ya kila V, kwa herufi za chini chini:
*nifundishwe.*

Sasa kadi ya mzee iko kwenye Inasubiri.
Hospitali ilitoa tarehe, tarehe ikasogea, ikasogea tena.
Siku ya kumi na nne nilisimama na nukta kidoleni,
gundi ikinikaukia, nisijue kama sheria ya piano
ni sheria ya watu.

Nugzari alikuwa akikaza nyuzi za besi,
macho ameyafumba, sikio limeinama.
Sijui alijuaje.
"Bandika," akasema. "Na iwe kubwa, niione."